Ndoto Isiyofikika Katika Riwaya: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nyingi zilizofika mezani mwezi huu zimegusia jambo moja bila waandishi wake kujuana: namna hadithi za kubuni zinavyomchora mtu anayetamani kitu ambacho hatakipata. Nimechagua tano. Nimezifupisha, lakini hoja za wenyewe nimeziacha kama zilivyo.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma fasihi chuoni, hapa Morogoro, na muhula huu tuna The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald. Kila mwongozo niliousoma unasema kwamba taa ya kijani ni ishara ya matumaini, na ukiandika hivyo kwenye mtihani unapata alama zako. Ninachouliza ni hiki: ikiwa Gatsby anampenda Daisy, kwa nini mwandishi asiseme hivyo akamaliza? Taa inaongeza nini ambacho sentensi moja haiwezi kukisema?

Jibu: Marahaba. Jibu la miongozo si la uongo, ila ni jibu la mtu aliyefunga kitabu baada ya sura ya kwanza.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaisoma, riwaya hii ilichapishwa New York mwezi Aprili 1925, na matukio yake yanatokea katika kiangazi cha mwaka 1922, kwenye kisiwa cha Long Island. Jay Gatsby ni kijana aliyetajirika kwa biashara haramu, ikiwemo ya pombe, katika miaka ambayo pombe ilikuwa marufuku Marekani. Amenunua jumba kubwa upande mmoja wa ghuba kwa sababu moja tu: ng'ambo ya pili anaishi Daisy, waliyependana mwaka 1917 alipokuwa afisa wa jeshi asiye na mali, na ambaye mwaka 1919 aliolewa na Tom Buchanan, tajiri wa kurithi. Anayetusimulia ni Nick Carraway, jirani wa Gatsby na ndugu wa mbali wa Daisy.

Sasa ifuate taa yenyewe. Mara ya kwanza tunaiona mwishoni mwa sura ya kwanza, wakati Nick hajazungumza na Gatsby hata neno. Ni usiku, anamwona jirani yake amesimama peke yake, ameinyoosha mikono kuelekea majini, na hata kwa mbali Nick anaweza kuapa kwamba mtu yule anatetemeka. Nick anageuka kutazama kule anakotazama mwenzake, asione chochote isipokuwa taa moja ya kijani, ndogo na ya mbali, ambayo huenda iko mwisho wa gati. Angalia mpangilio huo. Hatujui gati ni la nani, hatujui kwamba Gatsby na Daisy wamewahi kujuana, na mwandishi hatuambii. Ametupa tendo kabla ya sababu yake, na kwa hiyo tunaanza kutamani kujua pamoja na mtu anayetamani. Sentensi ya "Gatsby alimpenda Daisy" ingetupa habari tu, na msomaji akishapewa habari hana tena haja ya kunyoosha shingo.

Mara ya pili ni sura ya tano, na hapa ndipo miongozo mingi inapopita mbio. Daisy amekuja. Yuko ndani ya jumba la Gatsby, wamesimama dirishani, mvua inanyesha, na ukungu umeifunika ghuba. Gatsby anamwambia kwamba pasingekuwa na ukungu wangeiona nyumba yake ng'ambo, na kwamba mwisho wa gati lake kuna taa ya kijani inayowaka usiku kucha. Daisy anapitisha mkono wake katika mkono wa Gatsby, lakini Gatsby anaonekana amezama katika kile alichokisema hivi punde. Nick anawaza kwamba labda Gatsby ametambua papo hapo kuwa uzito mkubwa wa taa ile umetoweka kwa daima: sasa ni taa tu juu ya gati, na idadi ya vitu vyake vya ajabu imepungua kwa kimoja.

Soma tena tukio hilo taratibu, kwa maana nadhani ufunguo wa riwaya nzima uko hapo. Mwandishi wa kawaida angeionyesha ndoto isiyofikika pale mhusika anaponyimwa, mlango ukafungwa na machozi yakamwagika. Fitzgerald anaionyesha pale mhusika anapopewa. Mwanamke amemshika mkono, naye anazungumzia taa isiyoonekana. Ukitaka kujua kama ndoto ya mhusika ni ya kufikika au sivyo, usihesabu vikwazo vilivyoko njiani. Tazama kinachoipata ishara yake siku anapoikaribia. Ikibaki na nguvu ileile, ilikuwa ni lengo kama malengo mengine. Ikinywea, basi alichokitaka hakikuwa pale tangu mwanzo.

Na alichokitaka kilikuwa wapi? Katika sura hiyohiyo kuna saa ya mezani, imekufa, juu ya rafu ya mahali pa kuotea moto sebuleni kwa Nick. Gatsby, akijifanya ametulia mbele ya Daisy, anaiegemea kwa kichwa; saa inainama karibu kuanguka, naye anaidaka kwa vidole vinavyotetemeka na kuirudisha mahali pake. Sura inayofuata, Nick anapomwonya kwamba yaliyopita hayawezi kurudiwa, yeye anashangaa na kusisitiza kuwa yanaweza, tena bila shaka. Ghuba inavukika kwa mashua. Miaka mitano haivukiki. Hata ukurasa wa mwisho, taa inapotajwa tena, Nick anasema Gatsby hakujua kwamba ndoto yake ilikuwa tayari imebaki nyuma yake.

Kwenye mtihani, basi, andika kwamba taa ni matumaini, kisha onyesha ni katika sura gani inaacha kuwa matumaini na kwa sababu gani. Msahihishaji makini atakuelewa.

Swali: Ninafundisha sekondari karibu na Kisii na nimeunda kikundi cha usomaji cha wanafunzi. Tulipoijadili riwaya hiyohiyo, karibu wote walimhukumu Daisy kwamba ni msaliti aliyeiua ndoto ya Gatsby. Mwanafunzi mmoja akasema si haki kumhukumu kwa sababu yeye si mtu bali ni ishara. Niliishiwa na la kusema. Wewe unaonaje?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi huyo mmoja ameona mbali kuliko wenzake, lakini amesimama hatua moja kabla ya kufika. Daisy ni mtu ambaye watu wengine wamemfanya ishara, na riwaya inatuonyesha gharama ya kufanyiwa hivyo.

Wapeleke kwenye mambo matatu. La kwanza ni mashati. Gatsby anapomtembeza Daisy nyumbani kwake, anafungua kabati na kuanza kurusha mashati mezani moja baada ya jingine, ya hariri, ya kitani, ya flana, ya rangi mbalimbali, mpaka yanakuwa rundo; ghafla Daisy anainamisha kichwa juu yake na kulia kwa kwikwi, akisema hajawahi kuona mashati mazuri namna hiyo. Hakuna anayelilia mashati. Kuna jambo amelipoteza naye, na hana neno la kulitajia. Wanafunzi huwa wanacheka wanapofika hapo. Waache wacheke, kisha waulize.

La pili ni mtoto. Daisy ana binti wa karibu miaka mitatu, ambaye anaingizwa sebuleni siku moja ya joto kali, akasalimiwa, akaondolewa. Gatsby anamtazama kwa mshangao, na Nick anahisi kwamba hakuwahi kabla ya hapo kuamini hasa kuwa mtoto huyo yupo. Tukio lenyewe halifiki ukurasa mzima, lakini mtoto anasema kila kitu ambacho kalenda ingesema: muda umepita, umepita ndani ya mwili wa mwanamke huyu, na hakuna jumba litakaloufuta.

La tatu ni alasiri ya Plaza, hoteli ya New York, ambako Gatsby anamtaka Daisy amwambie mumewe kwamba hakuwahi kumpenda hata siku moja. Daisy anajaribu, anashindwa, na anamlalamikia Gatsby kwamba anataka mno: anampenda sasa, je, hilo halitoshi? Yaliyopita hana uwezo nayo; aliwahi kumpenda Tom, na alimpenda Gatsby pia. Mimi naliona jibu hilo kuwa neno la kweli kuliko yote yanayotamkwa katika riwaya ile, na ndilo linalomfanya ahukumiwe. Nick mwenyewe alishatuonya, siku ile ya mvua, kwamba Daisy lazima alipungukiwa machoni pa Gatsby, si kwa kosa lake bali kwa ukubwa wa kile ambacho Gatsby alikuwa amekijenga kichwani.

Simtetei kwa kila kitu. Ndiye aliyekuwa akiendesha gari lililomgonga na kumuua Myrtle Wilson, hawara wa Tom, na alimwacha Gatsby abebe lawama. Hilo ni kosa, tena kubwa, lakini ni kosa la mtu. Kushindwa kuwa msichana wa mwaka 1917 si kosa. Wape wanafunzi zoezi la kuiandika upya alasiri ya Plaza kwa ukurasa mmoja, Daisy akiwa ndiye anayesimulia. Hutahitaji kuwahubiria tena.

Swali: Mimi ni fundi seremala, Kahama, na napenda kusoma. Kwenye mnada nilinunua kitabu cha mtumba, Of Mice and Men cha John Steinbeck, nikakimaliza kwa siku mbili. Kilinichoma kuliko hadithi za matajiri wa New York ninazozisikia. Je, ndoto ya masikini huandikwa kwa njia nyingine?

Jibu: Ndugu fundi, huandikwa kwa njia nyingine, ingawa nikukumbushe kwanza kwamba Gatsby naye alizaliwa masikini. Jina lake la kuzaliwa ni James Gatz, mtoto wa wakulima wa North Dakota. Baada ya kifo chake, baba yake anakuja mazishini na kitabu cha zamani cha mwanawe, ambacho nyuma yake mtoto alijiandikia ratiba: kuamka saa 12 asubuhi, mazoezi, kusoma mambo ya umeme, kazi, kujifunza kuzungumza vizuri. Chini yake kuna maazimio, na moja linasema ataweka akiba ya dola 5 kwa wiki. Hiyo 5 imekatwa, ikaandikwa 3. Mzee anasoma kila mstari kwa sauti huku akimtazama Nick kwa fahari. Sijui ishara ya umasikini iliyo sahihi kuliko tarakimu hiyo iliyokatwa.

Tukirudi kwa Steinbeck, kitabu chake ni cha mwaka 1937, na watu wake ni vibarua wa mashambani California, George na Lennie, wanaohama kutoka shamba hadi shamba. Lennie ana nguvu za ajabu na akili ya mtoto. Ndoto yao ni kashamba kao wenyewe, na kwa Lennie kashamba hako kote kamejikusanya katika jambo moja, kwamba atawalisha sungura. Tofauti na taa ya Gatsby, ndoto hii ina bei. George anaamini shamba analolijua litauzwa kwa dola 600. Mzee Candy, aliyepoteza mkono kazini, anasikia mazungumzo na kusema kwamba ana dola 300 na mwisho wa mwezi atapata 50 nyingine. Kwa kurasa chache ndoto inakuwa hesabu: 350 kati ya 600, imevuka nusu, mshahara wa mwezi mmoja mmoja utajazia. Wewe unayekadiria mbao na gharama za kazi yako unajua mtu anavyopumua hesabu inapokaribia kutimia. Steinbeck anamfikisha masikini pale makusudi, kwa sababu aliyekuwa anasimulia tu ili kujifariji hana cha kupoteza, lakini aliyekwisha kupiga hesabu anacho.

Ila mwandishi alikuwa ameshatuambia mapema. Lennie anapenda kupapasa vitu laini. Panya anayembeba mfukoni amekufa. Mtoto wa mbwa aliyepewa anamfia mikononi. Kisha mwanamke mwenye nywele laini, mke wa Curley, mwana wa mwenye shamba. Kila kilaini anachokigusa kinakufa kwa kupendwa. Sungura, basi, hatuhitaji kuwaona ili kujua. Kile nilichomweleza mwanafunzi wa Morogoro kuhusu kuikaribia ishara kinatendeka hapa kwa mikono mitupu.

Yupo pia Crooks, mtunza farasi Mweusi, anayelazimishwa kulala peke yake. Anawacheka: ameona mamia ya watu wakipita na kashamba kichwani, na hakuna hata mmoja aliyekapata. Muda si mrefu, aliposikia kwamba fedha zipo, yeye huyohuyo anauliza kwa sauti ndogo kama angeweza kujiunga nao na kufanya kazi bila malipo. Halafu mke wa Curley anamkumbusha kwamba neno lake moja linatosha anyongwe mtini, na Crooks anaiondoa ombi lake kana kwamba lilikuwa mzaha. Ndoto inazaliwa na kuzikwa ndani ya chumba kimoja, jioni moja, na sababu ya kifo chake ina jina: ni ubaguzi wa rangi.

Swali: Nasoma safu yako nikiwa Mombasa. Mifano yako mingi ni ya Kimarekani. Sisi hatuna?

Jibu: Tunayo, na malalamiko yako nayakubali, ingawa wenzako ndio waliouliza kuhusu vitabu hivyo. Tofauti ni kwamba Shaaban Robert hakuificha ishara. Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, nchi yenyewe inaelea angani, waziri anayeshitaki anaitwa Majivuno, na mshitakiwa anayesimama barazani kujitetea anaitwa Karama. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta maarifa ya kuifaa nchi yao, na kila mmoja aliporudi na alichokipata alitupwa gerezani. Msomaji haachiwi kubahatisha. Lakini angalia pia kwamba ndoto ya Kusadikika haishindikani kwa asili yake. Inazuiwa na wenye mamlaka, na kwa hiyo Karama anaweza kushinda. Hiyo si ndoto ya Gatsby hata kidogo. Iko karibu zaidi na ya Crooks, isipokuwa kwamba Crooks hakupewa baraza la kujitetea.

Euphrase Kezilahabi aliichukua desturi hiyo ya majina na kuipindua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975 mhusika mkuu anaitwa Tumaini, anayetulia baada ya ujana wa starehe na kuwa mkulima mkubwa, mpaka siasa ya ujamaa inapoyafikia mashamba yake, naye anaua na kuishia kuhukumiwa kifo. Kwa Shaaban Robert jina ni ahadi ambayo mhusika huitimiza. Kwa Kezilahabi jina linamsuta mwenyewe kila linapotajwa, na kadiri kurasa zinavyokwenda msomaji anaanza kulisikia kwa uchungu. Ukiwa na nafasi, isome ukifuatanisha na Kusadikika. Zaidi ya miaka 20 iko kati yake, na uhuru uko katikati.

Swali: Naandika hadithi fupi kuhusu kijana wa kijijini anayetamani kwenda Ulaya. Kila jioni ndege ya abiria inapita juu yake naye anaitazama. Wenzangu wanasema ishara hiyo imechakaa. Niitoe?

Jibu: Usiitoe bado. Ndege haina tatizo; tatizo ni kwamba kijana wako hafanyi lolote isipokuwa kutazama, na ndege haifanyi lolote isipokuwa kupita, kwa hiyo jioni ya tano haituambii zaidi ya jioni ya kwanza. Mpe kitu cha kutenda kwa sababu ya ndege ile: aache kukamua ng'ombe ikipita, agombane na mama yake kwa maziwa yaliyomwagika, ajue kwa mlio tu kwamba leo imechelewa. Kisha, katikati ya hadithi, msogeze karibu nayo. Mtafutie kazi ya kusafisha ndege uwanjani, aingie ndani yake na ufagio, akae kwenye kiti kwa dakika mbili msimamizi akiwa hayupo, aone mfuko wa kiti cha mbele una makombo ya biskuti na tiketi iliyokunjwa. Andika kwanza ukurasa huo, kabla ya mwanzo na kabla ya mwisho. Ukishaujua anavyojisikia akiwa amekaa pale, utajua kama hadithi yako inahusu nauli asiyokuwa nayo au kitu kingine kabisa, na utajua pia jioni zile za kutazama juu zinahitajika ngapi. Nadhani zitabaki mbili.